Naomba ushauri: "contemporary" tuiiteje kwa Kiswahili?

Habari zenu wakuu. Natafsiri makala ya waandishi wa Ulaya, nimekwama kwenye neno "contemporary". Asili yake ni Kilatini: con, yaani pamoja, na tempus, yaani wakati. Shakespeare, mwandishi wa Uingereza, na Cervantes, mwandishi wa Hispania, waliofariki wote mwaka 1616, huitwa hivyo kwa kuwa waliishi wakati mmoja. Lakini neno hilohilo hutumika pia kwa sanaa ya leo, na hapo tunasema "ya kisasa". Nikiandika Cervantes alikuwa "wa kisasa" wa Shakespeare, msomaji atapotea kabisa. "Rika" nalo naliogopa: Cervantes kazaliwa 1547, Shakespeare 1564, hao si wa jando moja! Nimeandika "waliishi zama moja", nikafuta, nikarudisha. Kuna neno moja fupi linalofaa? Nisaidieni tafadhali, kazi naikabidhi Ijumaa.