Baba yake anataka kumlipa binti yetu kwa kila kilo itakayoshuka. Mnasemaje?

Mama wa Bel-Air

Wamama na wababa wa Lubumbashi, naomba ushauri. Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la nne. Kwenye kituo cha afya walimpima urefu na uzito, munganga akatia alama kwenye karatasi, akaniambia uzito umepita kiasi kwa umri na urefu wake. Hajawa mgonjwa, lakini tuanze kubadilisha mambo ya nyumbani.

Tangu hapo nyumba haina sauti moja. Baba yake amenunua mzani, ameuweka karibu na mlango wa chumba cha mtoto, na ameahidi feza kwa kila kilo itakayoshuka. Mama mkwe, tunayekaa naye, anasema mtoto mnene ni baraka, akikonda majirani watafikiri hatuli au anaumwa. Akitoka sokoni hakosi biskwi au chupa ya sukre (soda) mfukoni. Na mezani anambembeleza: "Maliza lengalenga yako nikupe biskwi." (Lengalenga ni mchicha.)

Shuleni nako mwalimu mmoja alimwita jina baya la unene mbele ya wenzake. Alirudi akilia. Siku hizi wakati wa mapumziko hataki tena kucheza nzango, ule mchezo wetu wa wasichana wa kuruka na kurusha mguu, yeye ambaye mtaani hakuna aliyemweza. Hilo linaniuma kuliko kilo zenyewe.

Sipingi zawadi. Nataka kujua zawadi gani, na kwa jambo gani, ili tusimharibu mtoto.

Muuguzi wa Katuba

Mama, pole, na umefanya vema kuuliza sasa. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ya kila siku ni kupima watoto. Naandika kwa kirefu kwa sababu jambo hili naliona likiharibiwa na watu wenye nia njema kabisa.

Kwanza, kwa heshima zote kwa baba yake, mzani uondoke pale mlangoni. Mtoto hana amri juu ya kilo. Kilo hupanda na kushuka kwa maji aliyokunywa, kwa choo, kwa saa aliyopimwa. Tena huyu anakua bado. Mara nyingi mtoto wa umri wake hahitaji kupungua hata kilo moja. Uzito ukikaa palepale huku urefu unaongezeka, mambo yanajirekebisha. Sasa ukimlipa kwa kilo, anaweza kufanya yote mliyomwomba na asipate kitu. Au atatafuta njia ya mkato. Nimepokea watoto wanaofika kwenye mzani midomo imekauka, tangu jana hawajanywa maji. Mmoja alivua hereni, akafungua na utepe wa nywele, akavishika mkononi, ndipo akapanda. Nilimwomba ashuke, tukazungumza kwanza.

Lipeni tendo. Tendo dogo, linaloonekana, linaloisha leo: amekunywa maji mezani badala ya sukre, amerudi kutoka shule kwa miguu, ameonja matembele hata kijiko kimoja, amezima televisheni akaenda kulala mapema (mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kulala kidogo kunaweza kuongeza unene). Chagueni mawili tu, na mtoto awepo mnapochagua. Kila tendo likifanyika, mtieni alama kwenye karatasi ukutani, na alama ndizo zilete zawadi. Mimi ningeanza na sukre. Chupa ya mililita 330 ina gramu 35 hivi za sukari. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula cha siku, na kwa mtoto wa miaka 9 hiyo ni kama gramu 40. Chupa moja ya bibi, siku karibu imekwisha, kabla hata ya chai.

Kuhusu ile biskwi ya kulipia lengalenga, naomba muiache leo hii. Miaka ya 1980 huko Marekani, mtafiti Leann Birch na wenzake waliona kwamba watoto wakiambiwa wanywe kinywaji fulani ndipo wapewe zawadi, baadaye wanakipenda kidogo kuliko mwanzo. Na chakula kinachotolewa kama zawadi ndicho kinachozidi kutamaniwa. Mtoto anawaza: kama lengalenga ingekuwa tamu, bibi angenilipa ya nini? Lakini zawadi ndogo isiyo chakula ni jambo jingine. London, utafiti uliotoka mwaka 2011 ulifuata watoto wa miaka 4 hadi 6 walioonjeshwa mboga wasiyoipenda, kidogo kidogo, siku baada ya siku, kila wakionja wanapata stika. Miezi 3 baadaye walikuwa bado wanaila, na wameipenda.

Na hapa nataka baba yake asome vizuri. Leonard Epstein, Marekani vilevile, alifundisha familia zenye watoto wanene wa miaka 6 hadi 12. Kundi moja, mzazi na mtoto walizawadiwa pamoja kwa kubadilisha tabia na kupunguza uzito. Kundi la pili, mtoto peke yake. La tatu, familia zilizawadiwa kwa kuhudhuria tu. Matokeo ya baada ya miaka 10 yalichapishwa mwaka 1990: waliozawadiwa pamoja na mzazi ndio ambao unene wao, kwa wastani, ulikuwa umeshuka. Makundi yale mengine ulipanda. Kwa hiyo baba naye awe na alama zake ukutani. Kama mtoto anakunywa maji, sukre isionekane mbele ya baba.

Zawadi yenyewe isiwe simu wala televisheni. Awe yeye wa kuchagua mtindo wa kusukwa nywele. Jumapili aende na baba yake peke yao kwenye bustani ya wanyama, na watembee. Alama aliyoipata isifutwe hata akikosea kesho, na chakula kisinyimwe kamwe kama adhabu.

Shuleni nendeni wazazi wote wawili, mwone mkuu wa shule. Mtoto akirudi kwenye nzango amepata zaidi ya zawadi yoyote: kuruka, kupiga makofi, kuimba, kurusha mguu kumvizia mwenzake, hayo yanahemesha kwelikweli. Kinachoshauriwa ni wastani wa dakika 60 kwa siku, na yeye alikuwa anazipata bila kuhesabu.

Baba wa Ruashi

Munganga, nakubali mengi, ila feza usiitupe yote. Mwanangu wa miaka 12 anapata kidogo kila Jumamosi akirudi shule kwa miguu juma zima, na anaweka akiba ya kununua mpira. Zawadi za kusukwa nywele kwake hazina maana.

Muuguzi wa Katuba

Baba, hapo unalipa hatua zake, na feza inageuka mpira, sina neno. Iwe kidogo tu, asizoee kudai bei.

Mama wa Bel-Air

Asanteni sana. Nimemsomea mume wangu yote. Alinyamaza kwanza, kisha akauondoa mzani mwenyewe. Alama tumeanza na maji, na yeye ana mstari wake. Mama mkwe nimemwomba awe ndiye mtoaji wa alama kila jioni, na amekubali. Anapenda mjukuu amkimbilie yeye. Biskwi bado tunajadiliana. Shuleni tuna miadi Jumatatu. Swali moja limebaki: zawadi zitaendelea hadi lini?

Muuguzi wa Katuba

Kumpa bibi kazi hiyo ni akili kubwa, mama. Zawadi zipunguzeni polepole: mwanzo kila siku, maji yakishakuwa kawaida iwe kwa juma, halafu mara mojamoja, na alama zihamie kwenye tendo jipya. Sifa za mdomo zisikome, na ziwe za tendo: "umerudi kwa miguu na jua lote hili", si "umeanza kupungua". Baada ya miezi 3 hivi mrudisheni kituoni apimwe urefu na uzito pamoja. Mwombe munganga azungumze nawe pembeni, si juu ya kichwa cha mtoto.