Siku tatu Arles, Ufaransa: nile nini bila nguruwe wala divai?

Dada_wa_Milimani (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Kazi yangu Marseille inaisha Alhamisi, mwanzoni mwa Oktoba, na ndege ni Jumapili usiku. Siku za katikati nataka kukaa Arles, mji wa mchoraji Van Gogh, hasa kwa ajili ya chakula. Shida ni kwamba mimi ni Msabato: sili nguruwe, sili kaa, kamba wala kombe, na pombe hata ya kupikia siitaki. Kila nikisoma kuhusu chakula cha Arles naona soseji na nyama ya divai. Nitapata cha kula? Na Sabato niipangeje?

Mpishi_Nakuru
Dada, utakula, tena vizuri. Vitatu viache moja kwa moja. Saucisson d'Arles ni soseji kavu yenye nguruwe. Gardiane de taureau ni nyama ya fahali wa Camargue, inayolowekwa kwenye divai nyekundu na kupikwa polepole humohumo. Usikubali kuambiwa pombe yote huishia motoni, sehemu yake hubaki. Tellines ni kombe wadogo.

Hivyo angalau vinajulikana kwa jina. Vya kuchunguza ni vile vinavyojificha. Saladi huja na lardons, vipande vidogo vya nguruwe, na mkate wa fougasse huja na grattons, ambavyo ni mabaki ya mafuta yake, kwa hiyo chukua wa zeituni. Supu ya samaki mara nyingi huwa na kaa wadogo waliopondwa na kuchujwa, hutawaona kabisa. Kwenye vitamutamu uliza gélatine, ambayo huweza kuwa ya nguruwe, na rhum, ambayo ni pombe.

Agiza brandade: chewa (cod) wa chumvi aliyelowekwa siku nzima au zaidi huku maji yakibadilishwa, kisha akapondwa na mafuta ya zeituni na maziwa. Agiza aïoli, ambayo ni sahani nzima: chewa, viazi, karoti, mishiri, yai na sosi ya kitunguu saumu. Migahawa mingi ya Provence huipika Ijumaa, siku utakayokuwepo. Kando yake huweka bulots, konokono wa baharini, waambie wasiweke. Soupe au pistou ni maharagwe, mboga na rihani, ila uliza kama wametia nyama. Tapenade ina zeituni, kepa na anchovi, samaki mwenye magamba, kwa hiyo usiiogope. Na onja mchele mwekundu wa Camargue. Mashamba yake hufurikishwa maji kama ya Ahero, na punje hutafunika hata baada ya dakika 35 jikoni.

Andika hili kwenye karatasi umwonyeshe mhudumu kabla ya kuagiza: « Je ne mange ni porc ni fruits de mer, et rien de cuisiné au vin. » Maana yake: sili nguruwe, wala kaa, kamba na kombe, wala chochote kilichopikwa kwa divai. Maji omba « une carafe d'eau », ni bure, na mkate pia.

Shinyalu_Msafiri (Kakamega)
Naongeza saa, kwa sababu huko saa ndizo huwanyima watu chakula. Mchana jiko liko wazi saa sita hadi saa nane, ukifika saa nane na nusu utapewa kahawa tu. Jioni huanza saa moja na nusu.

Wakati huo wa mwaka jua huzama yapata saa moja na robo, na Sabato yako huanza jua likizama Ijumaa. Kwa hiyo kula aïoli Ijumaa mchana, kisha nunua vya Sabato alasiri: mkate, jibini ya mbuzi, nyanya, tapenade, na brandade ya gramu 200 kutoka duka la vyakula vilivyopikwa. Chagua chumba chenye friji. Meza ya Jumamosi jioni iwekeshe mapema, Ijumaa hiyohiyo.

Soko kubwa la Boulevard des Lices ni Jumamosi asubuhi, hilo litakupita. Ukiweza kusogeza siku, kuna la Jumatano, Boulevard Émile Combes, hufunga kama saa sita na nusu.

Sabato tembea, hulipi kitu: Place Lamartine ilipokuwa Nyumba ya Manjano alimoishi Van Gogh, iliyopigwa bomu 1944, ukingo wa mto Rhône, bustani ya hospitali ya zamani aliyolazwa. Mji wenyewe haumiliki mchoro wake hata mmoja, Fondation Vincent van Gogh huazima. Beba koti zito, upepo wa mistral hauna huruma.

Dada_wa_Milimani
Asanteni sana. Sosi ya aïoli naweza kuipika Kisumu na mbuta?

Mpishi_Nakuru
Mbuta anafaa kabisa. Ponda punje 4 za kitunguu saumu na chumvi hadi ziwe uji, tia kiini 1 cha yai kisicho cha baridi, kisha mililita 200 za mafuta ya zeituni: tone kwa tone mpaka ishikane, ndipo umimine kama uzi. Ikikatika na mafuta kujitenga, uliharakisha au yai lilitoka friji sasa hivi. Usiimwage. Chukua kiini kipya kwenye bakuli safi, uirudishie ile iliyokatika kijiko kwa kijiko. Ina yai bichi, imalizeni siku hiyohiyo.

Shinyalu_Msafiri (Kakamega)
Dada, kama ndege inaondokea Marseille, Jumapili usiende hadi mjini. Baadhi ya treni za TER, yaani za mkoa, kutoka Arles husimama Vitrolles Aéroport, na basi hukupeleka uwanjani. Angalia ratiba ya Jumapili kabla, maana treni hupungua.