Hedifoni gani hazichomoki ukiwa kwenye baiskeli? Bajeti ndogo

MukonoKilaSiku
Habari zenu wanabaiskeli. Natafuta hedifoni za bei nafuu zisizotoka masikioni nikipita kwenye matuta. Madukani nimeona za aina tatu: zenye kulabu ya kuzunguka nyuma ya sikio, zenye utepe wa kulala shingoni, na zile ndogo zisizo na waya kabisa. Jumamosi naenda mjini Kampala kununua. Nichukue zipi?

FundiSimu_Kla
Kaka, swali lako ni nusu. Nafuu ni shilingi ngapi? Simu yako ina tundu la waya? Unavaa helmeti? Miwani? Unasikiliza nini, na barabara gani? Jibu hayo kwanza.

GiaNane
Mimi sihitaji kusubiri majibu: nunua za waya. Ukiziweka vizuri hazitoki. Waya unaupitisha ndani ya shati, unatokea mgongoni, kisha unauzungusha juu ya sikio kabla ya kuingiza. Kinachochomoa hedifoni mara nyingi si tuta, ni waya unaovutwa kila unapogeuza shingo. Ukiubana kwenye kola, shida imekwisha. Tena hazihitaji chaji.

DadaWaSeeta
Nami nitatetea zangu. Tafuteni zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu, kama za kampuni ya Shokz. Hazizibi sikio, zinakaa kwa ukanda unaopita nyuma ya kichwa, na honi unaisikia vizuri. Ni ghali, najua. Lakini afadhali kujibana miezi kadhaa kuliko kununua za bei ya chini mara nne.

GiaNane
Dada, nilijaribu za rafiki yangu. Kwenye mteremko upepo ulizima sauti yote, malori nayo yalimaliza kilichobaki. Na mkanda wa helmeti ulikuwa unazisukuma.

DadaWaSeeta
Mkanda unapita juu yake, si chini. Na kama husikii muziki kwa sababu ya lori, basi hapo ndipo lori linapotakiwa kusikika.

MzeeWaLugazi
Naomba mnisikilize, maana hili lilinikuta. Nilinunua zile ndogo zisizo na waya kwa mchuuzi wa barabarani, kampuni sitaitaja. Wiki ya kwanza zilikaa sawa, nikaziamini. Siku moja natoka Jinja kurudi nyumbani, nipo ndani ya msitu wa Mabira, sijafika Najjembe. Jasho lilikuwa limeingia, ile mpira ya sikio ikawa inateleza. Nikaruka kishimo kidogo tu, ya kushoto ikatoka. Mkono wangu ukaifuata wenyewe, wala sikufikiri. Baiskeli ikayumba kuelekea katikati ya barabara, na nyuma yangu lilikuwepo lori la miwa. Dereva alikuwa amepiga honi tangu mbali, watu wa kando ya barabara waliniambia baadaye. Sikusikia, kwa sababu sikio la kulia lilikuwa limezibwa kabisa na ndiko lori lilikokuwa. Lilinipita karibu kiasi kwamba majani ya miwa yalinigusa bega. Niliketi kwenye nyasi mpaka magoti yakatulia. Ile hedifoni sikuitafuta.

Tangu siku hiyo sikio la kulia haliguswi. Huku kwetu tunaendesha kushoto, kinachokupita kinatokea kulia. Vaa moja, ya kushoto, sauti iwe ya chini.

FundiSimu_Kla
Pole sana mzee. Tunashukuru Mungu upo.

MukonoKilaSiku
Pole mzee wangu. Hilo la sikio moja nimelipokea.
Majibu: bajeti ni 70,000, nikijikaza 80,000. Simu ina tundu. Helmeti navaa, na miwani ya macho. Natoka Mukono hadi Banda, asubuhi na jioni, kupitia Seeta na Bweyogerere. Nasikiliza redio zaidi, hasa mpira jioni, na masomo niliyojirekodia.

FundiSimu_Kla
Redio ungeitaja mwanzoni! Redio ya FM ya simu hutumia waya wa hedifoni kama antena. Ukinunua zisizo na waya, bado utalazimika kuchomeka waya ili stesheni zishike. Kwa hiyo GiaNane yuko sahihi kwako.
Kulabu ngumu usichukue. Mkono wa miwani, kulabu na mkanda wa helmeti vyote juu ya sikio moja, ukifika Kireka unaumwa. Tafuta zenye pembe ndogo ya mpira laini inayojibana kwenye mkunjo wa ndani wa sikio. Halafu badilisha zile mpira za mbele. Pakiti huwa na saizi tatu, wengi hubaki na ya kati bila kujaribu. Jaribu kila sikio peke yake, maana masikio ya mtu mmoja hayalingani sikuzote. Ukishavaa, tafuna kitu na utikise kichwa. Zikilegea hapo dukani, barabarani zitaanguka.
Alama ya IPX huonyesha kinga dhidi ya maji: IPX4 inatosha kwa jasho na manyunyu. IPX7 ni ya kuzama majini, usiilipie. Ukifika, zifute kwa kitambaa kikavu. Chumvi ya jasho ndiyo inayoua hedifoni.

BodaWaBusia
Sikio moja la kushoto ni sawa kwa Mabira, mzee. Lakini Bweyogerere? Teksi inakupita kushoto kwenye udongo ili iwahi abiria, na bodaboda inakuja mbele yako upande wako. Mimi nasema masikio yote wazi.

MzeeWaLugazi
Bodaboda inayokuja mbele unaiona kwa macho, ndugu.

BodaWaBusia
Usiku bila taa huioni. Na bodaboda msizilaumu zote, kazi hii imeanzia kwetu Busia, mpakani na Kenya, na ilianza kwa baiskeli. Baba yangu alibeba abiria kwa baiskeli ya chuma isiyo na gia, na redio ndogo aliifunga kwenye usukani. Kila mtu alisikia, yeye mwenyewe alisikia magari.

GiaNane
Spika ndogo kwenye usukani! Hilo nalo ni jibu, na bajeti inatosha.

DadaWaSeeta
Masomo ya chuo yasikike na soko zima la Seeta? Mukono, weka akiba, fikiria za mfupa.

MukonoKilaSiku
Kwa sasa naelekea kwenye za waya zenye pembe ya mpira, ila sijaamua kama nivae moja au nizime kabisa kuanzia Bweyogerere. Fundi, zikiwa za waya, ile ya kulia niifunge wapi isining'inie?

BodaWaBusia
Kabla fundi hajajibu: kuna anayejua helmeti ya mtoto wa miaka sita inapatikana wapi? Namaanisha ya baiskeli, si ya pikipiki.