Tumeuziwa Basilicata, tukazungushwa maduka ya Puglia. Nataka fedha yangu

Assalam aleikum wadau. Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Kama kuna mtu humu anapanga kwenda Italia na kundi la kitalii, hasa zile safari zinazotangazwa kuwa za mikoa ambayo watalii hawajaigundua, asome kwanza hapa kabla hajatuma hata shilingi.

Jina la kampuni silitaji kwa sasa kwa sababu madai yangu yako mezani kwao kwa maandishi. Ni kampuni ya Ulaya, inauza mtandaoni kwa Kiingereza, na ilichotuuzia ni wiki moja ya kutembezwa Basilicata. Kwa wasioujua, huo ni mkoa wa kusini mwa Italia, uko baina ya Puglia na Calabria. Wakaazi wake ni laki tano na ushee tu, milima mitupu, na hauna uwanja wa ndege wa abiria. Unashukia Bari, ambayo iko Puglia, halafu unamaliza kwa barabara. Waitaliano wengi wenyewe hawajawahi kufika. Hilo nalijua kwa sababu kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Mji Mkongwe, Unguja, na sehemu kubwa ya wageni wangu ni Waitaliano. Kiitaliano changu nimekipata kwao. Ni mgeni mmoja kutoka kule aliyenisimulia habari za mji wa Matera mpaka nikasema masika yakiingia, hoteli zikifungwa na kazi ikikatika, lazima niende nikaione. Nikamchukua na dada yangu. Fedha tuliyolipa ni ya msimu mzima wa kutembea juani.

Programu waliyotutumia ninayo mpaka leo. Kulala Matera, ndani ya mapango yaliyofanywa hoteli. Aliano. Kuingia Craco. Metaponto. Castelmezzano kule juu ya majabali. Maratea, penye sanamu ya Kristo yenye urefu wa mita 21 inayoangalia bahari. Kikundi kidogo, mwongozaji bingwa wa mkoa, vyakula vya wenyeji. Kila neno hapo limeandikwa na wao, si mimi.

Nianze na hoteli, maana ndilo linaloniuma kuliko yote na Mzungu hawezi kulielewa. Sisi hatuamki tu tukapanda ndege. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hurudishiwi. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Unapeleka taarifa za benki, barua ya kazini, tiketi ya kurudi, na uthibitisho wa pahala pa kulala kila usiku utakaokuwa huko. Niliyoyapeleka ubalozini Dar es Salaam yalikuwa karatasi za kampuni hii, zenye jina la hoteli ya Matera. Uwanjani Bari ofisa wa uhamiaji akaniuliza nakwenda kulala wapi, nikamwambia Matera, nikamwonyesha karatasi. Natoka nje nakuta basi la watu zaidi ya arobaini, hicho ndicho kikundi kidogo chao, na bwana mwenye kibendera anatangaza kwamba "kwa sababu za kiutendaji" tutalala hoteli ya ufukweni Puglia, siku zote. Hakuna aliyepigiwa simu. Hakuna aliyeandikiwa. Wameniweka nimdanganye mtu wa serikali ya nchi ya watu, tena bila mwenyewe kujua kama nadanganya. Mtu mwenye pasi ya Ujerumani hilo kwake ni usumbufu wa masanduku. Kwa Mtanzania ni rekodi yake ya viza.

Kutoka pale ufukweni, kila siku tulipoteza asubuhi nzima ndani ya basi kuifuata Basilicata na jioni nzima kuikimbia.

Matera tulipewa saa moja na nusu. Jamani! Matera ina mitaa miwili ya mapango, Sasso Caveoso na Sasso Barisano, imechongwa ukingoni mwa korongo, nyumba juu ya nyumba, paa la huyu ndilo njia ya yule. Watu waliishi mle na wanyama wao chumba kimoja mpaka serikali ya waziri mkuu De Gasperi ikapitisha sheria mwaka 1952 ya kuwahamisha, watu wapatao 15,000 wakapelekwa mitaa mipya kama La Martella. Mapango yakabaki matupu, yakaoza, halafu polepole watu wakarudi, UNESCO ikaiingiza Urithi wa Dunia mwaka 1993, na mwaka 2019 ikawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Mji Mkongwe wetu uliingia orodha hiyo hiyo mwaka 2000. Najua mji wa namna hii unatembezwaje. Unamsimamisha mgeni mlangoni, unamweleza nani aliishi hapa, alihama lini na kwa nini, unamwacha aguse ukuta. Yule bwana alitufikisha Piazza Vittorio Veneto, akanyoosha mkono, akasema mapango yako huko chini, tukutane hapa saa nane kasoro. Basi.

Na chini ya ule uwanja tuliokuwa tumesimama kuna Palombaro Lungo, birika kubwa lililochongwa ndani ya mwamba, linalobeba lita zipatazo milioni tano za maji. Mji mzima ulikuwa ukikinga mvua na chemchemi na kuyaelekeza mabirikani, kila nyumba na kisima chake, na hili ndilo lililokuwa baba lao. Lilisahauliwa mpaka likagunduliwa tena mwaka 1991. Nilimuuliza kwa nini hatuteremki. Akajibu tiketi haimo kwenye bei. Tiketi ya yuro chache! Nikajilipia, nikateremka peke yangu mbio mbio huku nikiangalia saa. Nilichokiona ni ukuta umepakwa lipu mpaka juu ili maji yasipotee, na alama za maji bado zimejichora kwenye lipu ile, mstari juu ya mstari, mahala yalipofika. Watu zaidi ya arobaini walikaa juu yake wakila aiskrimu bila kujua, kwa sababu aliyelipwa kuwaambia hakuwaambia.

Dada yangu yeye hakuiona Matera kabisa. Kundini kulikuwa na bi mkubwa mmoja wa Kenya anayeishi Uholanzi, magoti yanamsumbua, na kwenye fomu aliyaandika. Wakamjibu kwamba matembezi ni mepesi. Sassi, yaani ile mitaa ya mapango, ni ngazi tupu, za mawe yaliyosuguliwa na miguu mpaka yanateleza. Bwana kibendera akamwonyesha benchi, akaenda zake kunywa kahawa. Dada akasema hawezi kumwacha mama wa watu peke yake mji wa ugenini, akakaa naye. Dada yangu amelipa bei ile ile niliyolipa mimi, na kazi ya kampuni ameifanya yeye.

Sasa kuhusu huyu bwana. Hakuwa mwongozaji. Alikuwa msindikizaji wa basi: anahesabu watu, anagawa funguo. Italia kazi hizo mbili ni tofauti kisheria, mwongoza watalii anafanya mtihani na anatakiwa awe na kibali, na sheria ya mwaka 2023 imeanzisha orodha ya taifa ya waongozaji. Kama hapa kwetu tu: huwezi kutembeza wageni bila kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, la si hivyo wewe ni papasi, dalali wa mitaani. Walituahidi bingwa wa mkoa, wakatupa mtu ambaye Metaponto alisimama mbele ya hekalu la Hera akawaambia watu ni la Warumi. Ni la Wagiriki, la karne ya 6 kabla ya Kristo, nguzo 15 bado zimesimama! Mimi mtu wa Unguja nimelisoma hilo kabla sijaondoka nyumbani. Yeye analipwa.

Craco tuliiona dirishani. Huo ni mji uliohamwa baada ya maporomoko ya ardhi ya mwaka 1963, magofu yamebaki juu ya kilima, na kuingia kunataka miadi na watu wa pale wenyewe, wanakuvalisha kofia ngumu, wanakupitisha. Kampuni haikuweka miadi. Basi likasimama pembeni ya barabara, watu wakapiga picha, tukaondoka. Maratea ikafutwa, ati barabara ndefu. Ilikuwa fupi walipoiandika kwenye programu?

Aliano ndiyo iliyonimaliza. Kile kijiji serikali ya Mussolini ilimpeleka Carlo Levi uhamishoni miaka ya 1935 na 1936, daktari na mchoraji wa Torino aliyewapinga mafashisti, na alichokiandika baadaye, kikatoka mwaka 1945, ndicho kilichoifungua macho Italia nzima juu ya umasikini wa watu hawa. Alizikwa pale pale Aliano. Nilitaka kuliona kaburi lake na zile kuta za udongo mweupe uliochimbwa na mvua. Asubuhi ya siku hiyo basi likaenda Puglia, kwenye duka la ngozi. Kutoka hapo duka la mafuta ya zeituni. Saa nne za mchana zikaliwa hapo. Halafu Alberobello, mji wa huko huko Puglia, mara ya pili wiki hiyo, ambako maduka ya zawadi yamebanana mlango kwa mlango. Nikiwa nyuma ya rafu za mikoba nikamsikia dereva na mwenye duka wakihesabiana asilimia kwa Kiitaliano, hawakujua kama naelewa. Kamisheni naijua, niko kwenye biashara hii. Mgeni akitaka kanga au viungo unampeleka kwa mtu unayemwamini na ukipewa chako unapokea. Lakini humfutii mgeni ziara ya msitu wa Jozani ukamfungia dukani! Ziara aliyolipia inakwisha kwanza, duka linafuata.

Na chakula. Kwenye fomu tuliandika wazi: Waislamu, hatuli nguruwe, mchuzi usitiwe mvinyo. Siku ya pili tukaletewa tambi na mchuzi wa nyama. Niliinuka nikaenda jikoni nikamuuliza mpishi kwa Kiitaliano. Mama mtu mzima, akashika mdomo. Akasema ni nguruwe na ng'ombe, na kwamba hakuna aliyemwambia kitu, karatasi ya kampuni imeandika idadi ya sahani tu. Bwana kibendera akanishauri nichambue nyama niweke pembeni. Nachambuaje mchuzi? Yule mama akatoa sahani zetu mwenyewe, akatukaangia pilipili tamu zilizokaushwa za Senise, zile wanazoziita cruschi, unazipitisha kwenye mafuta ya zeituni sekunde chache zinakuwa kavu zinavunjika mdomoni, akazimwaga juu ya tambi pamoja na chenga za mkate zilizokaangwa. Hicho ndicho chakula bora tulichokula Italia, na hakikuwemo kwenye safari yao. Mkoa ule una vyakula kibao vya mikunde, ngano na mboga ambavyo Muislamu anakula bila wasiwasi. Matera wana crapiata, ngano na maharage na dengu vinachemshwa chungu kimoja. Kulikuwa na ugumu gani wa kuandika mstari mmoja kwenye karatasi ya mpishi?

Yule mama alituuliza tumelala wapi. Nilipomwambia akatikisa kichwa, akasema mabasi yote yanafanya hivyo, wanakuja kutuangalia wakalale na kununua kwengine. Mkoa masikini umetumika kama picha ya tangazo, na fedha zetu hazikufika kwa watu wake ila vikombe vya kahawa. Sisi tumedhulumiwa, na wao pia wamedhulumiwa.

Nimelalamika palepale. Usiku wa kwanza niliandika barua pepe, nikaambatanisha programu, na kila siku nikaandika kilichofutwa, saa, na picha. Fanyeni hivyo wadau, kwa sababu sheria yao inataka msafiri aarifu tatizo bila kuchelewa. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2302, ambayo Italia iliyaingiza kwenye sheria zake za utalii mwaka 2018, yanasema muandaaji wa safari ya kifurushi anawajibika kwa kila huduma iliyomo, hata kama imetolewa na hoteli au basi la mtu mwengine. Akishindwa kutoa alichouza, anatakiwa atoe mbadala bila kukuongezea gharama, na kama mbadala ni hafifu apunguze bei. Muda wa kudai hauwi chini ya miaka miwili. Hata kabla ya kuondoka, wakipandisha bei zaidi ya asilimia 8 una haki ya kujitoa na kurudishiwa chako.

Jibu lao limekuja baada ya kuwasukuma mno: programu "inaweza kubadilika", poleni, hii hapa vocha ya punguzo kwa safari yenu ijayo nasi. Vocha! Viza yetu ilikuwa ya kuingia mara moja na imeshatumika. Ili niitumie vocha yao nianze upya foleni, bima, yuro 90 mara mbili, na taarifa za benki ambazo wao ndio wamezikausha.

Nimewaandikia tena. Nadai tofauti ya hoteli kwa usiku wote, gharama ya siku ya maduka kwa ukamilifu, Craco, Maratea na Aliano, mwongozaji ambaye hakuwepo, na barua rasmi yenye muhuri inayosema kwamba hoteli waliibadilisha wao bila kutuarifu, niiambatanishe nikiomba viza siku nyengine. Hiyo barua siiachi hata wakilipa.

Aliyewahi kusafiri na kampuni ya namna hii akalipwa, aniandikie faragha alipitia njia gani. Na anayetaka nakala ya barua yangu ya madai aibadilishe atumie yake, nitampa.