Nani aliwaambia "mafuta ni mafuta tu"? Bastola yangu imeliwa na kutu

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Bastola yangu, ninayoimiliki kihalali na niliyoitunza kama mboni ya jicho, imeshika kutu. Ubavuni mwa slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma na mbele, kuna doa la rangi ya matofali lenye umbo la kidole gumba changu, hata mistari ya kidole unaihesabu. Karibu na mdomo wa mtutu, pale mshono wa ala ya ngozi ulipogusa chuma, kuna vitone vidogo vidogo vimejipanga kama vimechomwa kwa sindano.

Ilikaa kabatini miezi minne tu! Kabla ya kuihifadhi nilimuuliza muuzaji nipake nini. Akanipa kopo la kupuliza, akaniambia: "Hii inasafisha, inalainisha, inazuia kutu. Mafuta ni mafuta tu." Nikapuliza mpaka chuma kikang'aa, nikaitia kwenye ala, nikafunga kabati. Nilipokuja kuitoa ilikuwa imekauka kau, na slaidi ukiivuta inakwaruza.

Ndipo nikaanza kusoma, na kila nilichosoma kilinipandisha hasira zaidi, maana mambo haya si siri. Makopo mengi ya namna ile sehemu kubwa ni kiyeyushi kinachoruka hewani, na kinachobaki juu ya chuma ni utando mwembamba sana. Hata WD-40, ambayo siyo niliyouziwa mimi, jina lake linataja kazi yake: kuondoa maji, jaribio la 40, lililofanywa San Diego mwaka 1953. Bastola ikilowa mvua, kitu cha kuondoa maji kinafaa sana. Lakini kufukuza maji leo ni kazi moja, na kukilinda chuma miezi mingi ni kazi nyingine kabisa.

Hapo ndipo tunapodanganywa. Mafuta ya kulainisha yanatakiwa yang'ang'anie pale chuma kinaposugua chuma: reli za slaidi, mgongo wa mtutu, sehemu chache tu, tone moja moja au grisi kidogo kwenye reli. Kinga ya kutu inatakiwa ifunike kila mahali penye chuma wazi, hata pasiposogea. Yapo mafuta ya CLP, yaliyotengenezwa kwa vipimo vya jeshi la Marekani ili yafanye kazi zote tatu, yaani kusafisha, kulainisha na kuzuia kutu, na kwa bastola inayobebwa na kufutwa mara kwa mara sina ugomvi nayo. Silaha ya kulala kabatini inataka kitu kizito zaidi, mafuta ya kuhifadhia yanayoacha utando wa nta. Jeshi hilohilo lilizika bunduki zake ndani ya Cosmoline, ule uji mzito wa kahawia. Kuufuta ni adhabu, lakini chini yake chuma kinatoka kizima baada ya miaka.

Na ngozi! Kwa nini muuzaji aliyeniuzia ala hakufungua mdomo? Ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatia, na chumvi na asidi za kuitengenezea hubaki humo humo. Ala ni ya kubebea, ukifika unaitoa bastola. Jasho la mkono nalo ni chumvi. Ningepitisha kitambaa chenye mafuta baada ya kuishika mara ya mwisho, hilo doa la kidole lisingekuwepo. Ule weusi wa buluu kwenye chuma usiwadanganye: ni oksidi ya chuma yenye vinyweleo, hunywa mafuta na kuyashika, na bila mafuta huzuia kutu kidogo sana. Mnaotaka kuniambia ninunue ya stenlesi, hata hiyo hushika kutu ikiachwa na jasho na unyevu. Inachelewa tu.

Wanaoshauri mafuta ya kupikia naomba waache kabisa, kwa sababu hapa tunagusa uhai wa mtu. Mafuta ya mimea yakikaa hewani hugeuka gundi. Nimeshika kwa mkono wangu bastola ya mwenzangu iliyopakwa hayo: slaidi ilirudi polepole, ikaishia njiani bila kufunga. Na wapo wanaomimina mafuta mpaka kwenye tundu la sindano inayogonga risasi. Glock wenyewe, watengenezaji wa bastola, wanakataza, wanataka matone machache sehemu chache na tundu hilo libaki kavu, kwa sababu mafuta hukusanya masizi, sindano inapoteza nguvu, na siku unayoihitaji risasi hailipuki. Mtutu nao unapitishwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga. Hakuna hata moja kati ya hayo nililoambiwa dukani.

Nimeondoa risasi zote, nimeifungua, nimeisugua kwa sufi ya chuma iliyo laini kuliko zote pamoja na mafuta. Kutu imetoka. Vishimo vimebaki, na rangi imeondoka palepale penye alama ya kidole changu. Nilimrudia muuzaji nikamwonyesha, akasema nimeihifadhi vibaya.

Nimeihifadhi vibaya kwa maelekezo ya nani? Na wewe unayeuza makopo hayo unasoma hapa, nijibu: kinga yake ni ya siku ngapi, na imeandikwa upande gani wa kopo?