Unga wangu umeziba chujio, nisaidieni kabla ya Ijumaa

MwanaArua: Wakuu, shikamooni. Nasoma uzamili wa kemia hapa Kampala. Mmenyuko wa Suzuki, ule wa kuunganisha kaboni na kaboni kwa kichocheo cha paladiamu, nimeuhamisha kutoka kiyeyusho cha toluini kwenda maji yenye sabuni ya maabara, ile inayojikusanya kuwa miseli na kuficha vitu vya mafuta tumboni mwake. Nimepata unga mweupe mwingi, lakini karatasi ya kuchujia inaziba. Nifanyeje?

FundiBwaise: Povu litulize kwa maji ya chumvi, usitikise sana. Mimi nilipokuwa napika sabuni ya vyombo, povu lilifika mlangoni kwa mama mwenye nyumba. Nilihama usiku.

MamaSifa: Mwanangu, hayo maji mnamwaga wapi? Mfereji wa Nakivubo unaishia ziwani, na samaki tunakula sisi.

Kibuyu: Sabuni gani? Besi gani? Unga una uzito gani?

MwanaArua: SDS, yaani sodiamu dodesili salfeti, asilimia 2. Uzito uko sawa.

Kibuyu: Sawa na nini? Na besi umeiruka.

MwanaArua: Potasiamu kaboneti. Mavuno ni 140%, nadhani ni unyevu tu. Msimamizi nimeshamwambia 92%, amefurahi sana.

MamaSifa: Yesu wangu.

Kibuyu: Unyevu gani! SDS ikikutana na potasiamu inaganda, chumvi yake haiyeyuki kwenye maji baridi. Umechuja sabuni, ukapima sabuni. Weka sodiamu kaboneti.

MwanaArua: Lakini kuna makala wametumia potasiamu, maji hayohayo.

Kibuyu: Kwa sabuni isiyo na chaji, kama TPGS-750-M ya vitamini E, ya mwanakemia Lipshutz na wenzake kule California. Hiyo potasiamu haiigusi. Ukikosa, jaribu Tween 80, nayo haina chaji.

Ntinda_Boda: Jamani, mnajibu hewa. Mwanafunzi wa Kampala apate wapi paladiamu? Kesho atatuuzia zebaki nyekundu huyu.

FundiBwaise: Kweli, shemeji yangu aliliwa ng'ombe wawili na hiyo zebaki.

MwanaArua: Si uongo, ssebo! Ni miligramu chache, mwalimu alirudi nazo kutoka Ujerumani. Na sura ya nne nimeshaichapa, siwezi kubadilisha besi sasa.

Kibuyu: Chukua unga kidogo, tia kwenye maji ya moto, tikisa. Uje utuambie.

*(baada ya saa moja)*

MwanaArua: Umeyeyuka wote.

Kibuyu: Na?

MwanaArua: Povu limefika kiwikoni.

FundiBwaise: Unauza kilo ngapi?