Tupeane uzoefu: wewe unachezaje na mashine ya kukata nyasi?

BabaGeti_Langata
Wasee, mvua imeshika na hii nyasi ya kikuyu inapanda kuliko bei ya unga. Gadena ameenda ushago kupanda mahindi so wikendi ni mimi na mashine, na sasa hata mtu akitaka kunisaidia namwambia atulie, kwa sababu nachora. Mistari ya uwanja wa mpira, ile ya kijani kilichoiva na kijani kilichopauka. Watu hudhani ni mbolea ama nyasi mbili tofauti, kumbe ni majani kulala tu. Ukienda yanalala upande ule, ukirudi yanalala upande huu, yaliyolala yakikupa mgongo yanang'aa, yale yamekuelekea yanaonekana meusi. Simama geti uangalie, halafu nenda usimame kwa mlango wa jikoni, utakuta rangi zimebadilishana viti. Mashine yangu haina roli nyuma so nilichukua paipu ya plastiki, nikajaza mchanga, nikaziba huku na huku, nikaifunga ikokotwe. Mstari wa kwanza ndio mambo yote, usiangalie gurudumu, kaza macho kwa kitu kiko mbele, mimi natazama nguzo ya ukuta na siiachi mpaka nifike. Haya leteni zenu.

mama_pacha
Mimi shule zikikaribia kufungwa sikati kabisa, naacha nyasi ifike magoti ya watoto. Halafu napitisha njia moja, upana wa mashine tu, inazunguka, inajikunja, kuna mahali inaishia kwa mparachichi na huwezi endelea lazima urudi. Wanafukuzana humo mchana kutwa na sheria ni moja, ukikanyaga nyasi ndefu umekufa. Majirani wanapita wakiuliza kama mashine iliisha mafuta 😂 Siku ya kuimaliza napandisha bledi juu kwanza, narudi siku nyingine nikate chini, maana nyasi ndefu ukiinyoa yote mara moja inabaki njano na wiki mzima unaangalia vijiti.

slasha_tu
Nyinyi wa mashine mnajidai sana. Slasha, tupa ya kunolea, gambuti, na muziki wa benga kwa redio. Mkono unafuata gitaa wenyewe. Gitaa likichanganya mwishoni na mimi nachanganya, napiga nusu duara moja juu ya nyingine mpaka kwa ukuta. Okota mawe kwanza tu.

fundi_wa_injini
@slasha_tu hiyo mashine unayoidharau ilitoka kwa nguo bana. Mwingereza anaitwa Edwin Budding alipata hati miliki yake 1830, na wazo alilitoa kwa mashine ya kiwanda cha vitambaa, ile inanyoa manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa kibaki laini. Akaona hii si naweza ipitisha kwa nyasi. So mzee wa mistari hapo juu uko sawa, unachora kwa kitambaa.
Ila wasee wa kuchora, nyasi ikiziba chini usiingize mkono hivi hivi. Zima, chomoa waya wa plagi, ndio uguse bledi. Na ngojeni umande ukauke, nyasi ikiwa na maji inagandana na hiyo mistari yote inakuwa mabonge.

Kwarara_FC
Yangu si ya macho sana, ni ya ndege. Naanza katikati ya kompaundi nazunguka nikitoka nje, duara linakua linakua, so vyura na wale vinyonga wanapata nafasi ya kukimbilia ua la kayaba. (Kinyonga hakimbii lakini mnanielewa.) Ukianza pembeni ukiingia ndani unawafungia katikati, na hapo si mchezo tena. Nikizima tu mashine kwarara wanatua na zile kelele zao, wanadunga midomo chini wakitafuta minyoo. Sikuizi nawaachia vipande viwili, kimoja kifupi kabisa na kingine kirefu kidogo, nakaa na chai nione wataenda wapi. Wanapenda kifupi. Kirefu nimewaachia panzi.

drafti_kubwa
Wakati wa CHAN, yale mashindano ya mpira ya Afrika, Agosti 2025 nilikuwa naangalia nyasi ya uwanja wa Kasarani kuliko mpira wenyewe. Kesho yake nikapiga mistari kwenda na kurudi, halafu nikapita tena nikikata ile ya kwanza kati, zikatoka drafu. Mbuyu, yaani babangu, akatoka nje akaangalia, akaingia ndani akarudi na sahani za plastiki za sherehe, nyeupe na nyekundu, akazipanga bila kuniuliza. Tumecheza drafti ya kutembea kwa miguu mpaka giza, mtu akila sahani anaibeba kwapani. Amenila mbaya sana na bado anasema ni kwa sababu drafu zangu za upande wa tanki zimepinda.